Unajipima kwa Kibaba cha Nani?

Ndugu msomaji, ukiliondoa neno "uzalendo", sidhani kama kuna neno wanaloambiwa vijana wa nchi hii mara nyingi kuliko "kujitambua". Mgeni rasmi katika mahafali ya kidato cha sita huwataka wahitimu wajitambue. Viongozi wa dini husema vivyo hivyo mimbarini. Mzazi aliyechoka kumwonya mwanawe humalizia kwa neno hilo hilo. Katika miji yetu kumezuka pia soko zima la semina za kujitambua: kijana hulipa kiingilio, kocha wa maisha hupanda jukwaani, muziki hupigwa, na ukumbi mzima husimama na kutamka kwa sauti moja kwamba kuanzia siku hiyo maisha yamebadilika. Kesho yake kijana yule hupanda daladala ile ile, akiwa na deni lile lile na mashaka yale yale. Ila sasa ameongezewa mzigo mmoja: akishindwa tena, ataambiwa hakujitambua vya kutosha.

Sina ugomvi na ukocha binafsi. Mtu mmoja kukaa na mwenzake, kumuuliza maswali ya maana na kumsaidia ajisome ni kazi ya heshima, tena si ngeni kwetu. Pwani ilikuwa na masomo na makungwi kabla neno "kocha" halijaingia katika Kiswahili. Bara kulikuwa na wajomba, mashangazi na wazee wa ukoo ambao kijana aliyepotewa na dira alipelekwa kwao akae nao siku kadhaa. Mimi kazi hiyo imenijia kwa mlango wa nyuma. Ukifundisha chuo kikuu kwa zaidi ya miaka kumi, wanafunzi huja ofisini kuuliza habari za alama za mtihani, kisha hufunga mlango taratibu na kuuliza jambo jingine kabisa.

Ninachokipinga ni ukocha unaoishia juu juu. Hoja yangu katika makala haya ni kwamba kujitambua kuna matabaka, na wengi wetu hukomea katika lile la kwanza au la pili. Tabaka linaloamua maisha ya mtu ni lile la kipimo anachojipimia, na kocha asiyelifikia bado hajaianza kazi yake. Anayelifikia vizuri hugundua kwamba habari za nafsi ya mtu si zake peke yake: zina historia, zina sheria na zina siasa ndani yake.

Neno "tabaka" nalitumia kama walivyolitumia wachimba visima wa kwetu. Nimezaliwa na kukulia Nambis, katika nyanda za juu za Mbulu, mkoani Manyara, mahali pa ubaridi na ukungu wa asubuhi, pa mahindi na maharage, ambapo ng'ombe ndiye benki ya familia. Aliyechimba kisima kule alijua kwamba udongo wa juu ni rahisi kuutoa na haumwambii mengi. Chini yake kulikuwa na udongo wa namna nyingine, na chini zaidi mwingine tena. Unyevunyevu wa kwanza haukumdanganya akaweka jembe chini na kutangaza kwamba kisima kimekamilika. Semina zetu nyingi husherehekea unyevunyevu.

Nitaeleza matabaka hayo kwa mfano wa kijana mmoja. Ameniruhusu nimtaje bila jina, nami nimebadilisha mambo madogo madogo ili asijulikane. Ni mhitimu wa shahada ya ualimu, mtoto wa Nambis, aliyekuwa amemaliza chuo miaka minne kabla hatujakutana. Nilikwenda nyumbani likizo, nikasikia kwamba siku hizi haonekani. Haendi kanisani, haketi na wenzake, na shambani huenda kabla ya alfajiri ili arudi watu wakiwa bado hawajatoka. Mama yake ndiye aliyenitafuta. Kijana mwenyewe alikuja baada ya siku mbili, akasimama mlangoni, akasema, "Shikamoo, Mwalimu." Nikamwitikia, "Marahaba, mdogo wangu, karibu." Tulikaa nje, na kwa muda mrefu tulizungumzia mahindi tu.

Tabaka la kwanza ni la hisia. Alipoanza kusema lililomleta, alisema ana hasira: na serikali, na chuo, na kila mtu. Kocha wa haraka angepokea neno "hasira" na kuanza kufundisha namna ya kuituliza. Lakini neno la kwanza litokalo kinywani mara nyingi ni mlinzi wa mlango, si mwenye nyumba. Kiswahili kimetujalia maneno mengi ya mambo ya moyoni: hasira, ghadhabu, uchungu, kinyongo, majuto, simanzi. Hata aibu ina jamaa zake. Kuna haya, ambayo humzuia mtu asitende lisilofaa, na wazee huihesabu kuwa sehemu ya adabu njema. Kuna aibu yenyewe. Kisha kuna fedheha, ambayo ni aibu iliyoanikwa mbele za watu. Hayo ni maneno matatu yenye matibabu matatu tofauti. Nilimwomba aitafutie hisia yake jina, kwa Kiswahili au kwa Kiiraqw, bila haraka. Alinyamaza. Mwishowe akasema, "Si hasira, Mwalimu. Ni fedheha."

Kuitaja hisia kwa jina lake halisi si jambo dogo. Mtu anayedhani ana hasira humtafuta wa kumlaumu. Mtu anayejua kwamba amefedheheka huanza kuuliza ni nani anamtazama. Hata hivyo, hilo ni tabaka la kwanza tu.

Tabaka la pili ni la sababu. Kwa nini fedheha? Alieleza. Baba yake aliuza ng'ombe watatu ili asome. Majirani walichanga siku ya kumwaga alipokwenda chuoni. Sasa kila akienda mashine ya kusaga, akikutana na mama mtu mzima njiani, huulizwa swali moja ambalo muulizaji hana nia mbaya nalo: "Umepangiwa wapi?" Kisha, miezi ikipita, huulizwa, "Bado hujapangiwa?" Swali hilo, alisema, lilimfanya aone kila aliyemsalimu kama mdai.

Hapa ndipo ukocha mwingi hufunga daftari. Hisia imetajwa, sababu imepatikana, na ushauri unafuata: usisikilize maneno ya watu, jiamini, wasamehe, songa mbele. Ushauri huo si wa uongo. Kasoro yake ni kwamba unamwacha mtu na sababu isiyoelezeka. Majirani wale wale huwauliza vijana wengine maswali ya shamba na ndoa, na vijana hao hawajifichi. Maneno ya watu humwumiza mtu pale tu yanapogusa kitu ambacho yeye mwenyewe amekwisha kukikubali ndani yake. Kitu hicho ndicho tabaka la tatu.

Nilimuuliza: "Ili uwe mtu mbele ya macho yako mwenyewe, ingekupasa uwe na nini?"

Akajibu bila kusita: "Cheki namba, Mwalimu."

Watumishi wa umma mnaosoma hapa mnaielewa vizuri namba hiyo, ile ya mtumishi katika orodha ya mishahara ya Serikali. Kijana huyu analima ekari mbili, anawatunza wazazi, na anajua hisabati kuliko mtu yeyote katika kitongoji chake. Lakini katika mizani ya nafsi yake vyote hivyo ni sifuri, kwa sababu mizani imetengenezwa kupima kitu kimoja tu. Hilo ndilo tabaka la tatu: kipimo. Si "najisikiaje", wala si "kwa nini najisikia hivi", bali "nimejihukumu kwa sheria gani, na nani aliitunga?"

Zamani nafaka ilipouzwa kwa kibaba na pishi, vibaba vinne kwa pishi moja, mnunuzi mwerevu alikagua chombo kabla ya kukagua nafaka. Wakulima wa leo wanaijua lumbesa: gunia lililoongezewa kilemba juu, mpaka bei ya gunia moja inabeba mzigo unaozidi gunia. Anayeuza kwa lumbesa msimu baada ya msimu anaweza kuamini kwamba shamba lake limechoka, au kwamba yeye ni mkulima mvivu, ilhali kilichomlaza njaa ni gunia. Sheria inaikataza lumbesa ya viazi na vitunguu. Lumbesa ya nafsi hakuna wakala anayeikagua, isipokuwa mwenyewe, akisaidiwa na mtu anayejua kuuliza.

Basi tukakikagua kibaba chake. Kilitoka wapi? Shule za wakoloni zilitengenezwa ili zitoe makarani, wakalimani na walimu wachache, na aliyesoma alitambulika kwa kuondoka shambani. Mwaka 1967 Mwalimu Nyerere aliandika Elimu ya Kujitegemea akiliona tatizo hilo hilo: kwamba elimu tuliyoirithi ilimtenga aliyesoma na jamii yake na kumfanya aone kilimo ni cha walioshindwa. Tuliusoma waraka ule, tukaupigia makofi, tukaendelea kuwaambia watoto wetu, "Soma, usije ukalima kama mimi." Kwa miaka mingi kipimo hicho kilikuwa na mlango wake: mhitimu wa ualimu alipangiwa kituo, akaenda. Utaratibu ule ulikoma, nafasi zikawa za kushindaniwa na wengi, lakini kipimo kilibaki vichwani mwa wazazi, majirani na wahitimu wenyewe. Mlango ulifungwa na mizani ikaachwa nje pamoja na vijana. Kijana wa Nambis alikuwa akijihukumu kwa ahadi ambayo aliyeitoa alikwisha kuibadilisha.

Alipoliona hilo hakuruka kwa furaha. Alisema tu, "Kumbe si mimi niliyeanza." Kwa maoni yangu, katika mazungumzo yetu yote, hilo ndilo lililokuwa tone la kwanza la maji.

Watu wa Mbulu hatuhitaji kwenda mbali kutafuta mfano wa mtu aliyekijua kipimo chake. John Stephen Akhwari, mzaliwa wa Mbulu, alikimbia marathoni katika Michezo ya Olimpiki ya Mexico City mwaka 1968. Njiani alianguka, akaumia vibaya goti na bega. Wakimbiaji 75 walikuwa wameanza. Waliofika mwisho ni 57, naye alikuwa wa 57. Mshindi, Mamo Wolde wa Ethiopia, alitumia saa 2 dakika 20 na sekunde 26. Akhwari aliingia uwanjani, mguu ukiwa umefungwa bandeji, kwa saa 3 dakika 25 na sekunde 27, jua likiwa limezama na watazamaji wengi wamekwisha kuondoka. Alipoulizwa kwa nini hakuacha, alijibu kwamba nchi yake haikumtuma kule kwenda kuanza mbio, bali kuzimaliza.

Jibu lile limegeuzwa kuwa nembo ya "usikate tamaa", na kwa maana hiyo hutumika katika kila ukumbi wa hamasa. Mimi nalisoma kwa namna nyingine. Akhwari hakusema kwamba hakusikia maumivu. Hilo ni tabaka la kwanza. Hakueleza jinsi alivyoanguka. Hilo ni la pili. Alichotaja ni kipimo chake na aliyempa: nimetumwa, na nilichotumwa ni kumaliza. Kwa kipimo cha medali alikuwa wa mwisho. Kwa kipimo alichokiri, alitimiza kazi yote. Leo ni wachache nje ya Japani wanaoweza kumtaja Kenji Kimihara, aliyechukua medali ya fedha siku ile. Wahenga walisema kujikwaa si kuanguka, bali ni kwenda mbele. Lakini mtu hawezi kujua kama amekwenda mbele pasipo kujua mbele ni upande gani.

Ndugu msomaji, ningeishia hapa makala haya yangefaa kusomwa ukumbini kwa kiingilio. Ningesema: basi, chagua kipimo chako mwenyewe, utakuwa huru. Ingekuwa nusu ya ukweli, na nusu ya ukweli katika jambo hili ni hatari kwa maskini kuliko kwa tajiri. Lugha yetu yenyewe inatuonya. Kutoka mzizi mmoja wa "tambua" tunapata kujitambua, lakini tunapata pia kutambuliwa, kutambulishwa na kitambulisho. Hilo ndilo tabaka la nne: mtu anaweza kujijua barabara na bado asijulikane na wale wenye mihuri.

Ushahidi upo kusini mwa Mbulu, wilayani Hanang. Katika miaka ya 1970 na 1980, shirika la umma la kilimo, NAFCO, kwa msaada wa Kanada, lilifungua katika tambarare za Hanang mashamba makubwa ya ngano yaliyofikia takribani ekari 100,000. Sehemu kubwa ya ardhi hiyo ilikuwa malisho ya Wabarabaig, jamii ya Wadatoga, na ndani yake yalikuwamo makaburi ya wazee wao wa heshima. Halmashauri ya kijiji cha Mulbadaw na wanakijiji 67 walikwenda mahakamani. Mwaka 1984 Mahakama Kuu iliwapa haki. Mwaka 1985 Mahakama ya Rufani iliutengua ushindi huo kwa sehemu kubwa. Miongoni mwa hoja zilizowaangusha ni hii: haikuwa imethibitishwa mbele ya mahakama kwamba wanakijiji wale walikuwa wenyeji kwa maana ya sheria ya ardhi ya wakati ule.

Tuitafakari hali hiyo. Mtu amezaliwa pale, babu yake amezikwa pale, anajua kila bwawa na kila njia ya ng'ombe. Je, kuna mtu anayejitambua kuliko huyo? Hata hivyo, mbele ya sheria alikosa uthibitisho wa kuwa yeye ni yeye. Kocha gani angemwambia tatizo lake ni fikra? Angemwambia ajiamini zaidi? Palipohitajika pale ni wakili, ushahidi, umoja wa kijiji na sheria bora ya ardhi. Ukocha unaomfundisha mtu kujitambua bila kumfunulia tabaka la kutambuliwa humfanya abebe ndani ya kifua chake mambo yaliyopaswa kubebwa barazani, bungeni na mahakamani.

Tabaka hili la nne lina upande wa pili pia, ulio mwema. Mwaka 1955 wanasaikolojia wawili wa Marekani, Joseph Luft na Harrington Ingham, walichora dirisha lenye vioo vinne lililokuja kuitwa Dirisha la Johari, kutokana na majina yao ya kwanza. Kioo kimoja ni cha mambo yangu yanayojulikana kwangu na kwa wengine. Cha pili ni cha yale niliyoyaficha. Cha tatu ni cha yale ambayo hakuna anayeyajua bado. Cha nne ni cha yale ambayo wengine wanayaona kwangu nami siyaoni. Wahenga wetu walikwisha kukitaja kioo hicho cha nne kwa maneno matatu: nyani haoni kundule. Maana yake ni kwamba mtu hawezi kujitambua hadi mwisho akiwa peke yake chumbani. Yapo ambayo atayajua kwa kuambiwa tu, na wa kuambiwa naye lazima wawe watu wanaomtakia mema.

Wairaqw wana slufay, sala yenye umbo la utenzi ambayo mzee huitoa mbele ya kusanyiko, na waliohudhuria humwitikia. Nilipokuwa mtoto niliiona kama sherehe ya wazee tu. Leo naiona pia kama elimu ya nafsi. Anayesema hasemi peke yake. Amani, mvua, watoto, mifugo na maridhiano huombwa kwa sauti moja inayoongoza na nyingi zinazopokea. Mtu hujisikia ni nani kwa kusikia anavyoitikiwa.

Yule kijana alipotoka kwenye kujificha, hakutoka kwa sababu nilimwambia maneno makali. Alitoka kwa sababu baba yake, tulipomshirikisha kwa ridhaa ya mwanawe, alisema jambo ambalo hakuwa amewahi kulisema: ng'ombe wale hakuwauza ili alipwe. Neno hilo lilikuwa katika kile kioo cha nne miaka yote minne. Sasa kijana anawafundisha watoto wa jirani hisabati jioni, anaendelea kuomba ajira kila nafasi zinapotangazwa, na pamoja na wahitimu wenzake ameandika barua kwa mamlaka husika kuuliza utaratibu wa walimu wa kujitolea katika shule zenye upungufu. Wakati ninaandika haya hawajajibiwa. Sisemi kwamba tatizo lake limekwisha. Nasema amejua sehemu ipi ni yake ya kubeba na sehemu ipi ni ya kudai.

Kwa wanaoifanya kazi hii ya ukocha, kwa malipo au kwa wito, naomba niseme mambo manne kwa ufupi. Kwanza, omba ruhusa kabla ya kushuka tabaka jingine. Mtu si shamba lako. Pili, fuata mpangilio: anza na "nini" kabla ya "kwa nini", maana swali la sababu likitangulia husikika kama shtaka. Tatu, kagua kibaba chako mwenyewe. Kocha anayeamini kwamba mafanikio ni gari na nyumba ya ghorofa atamhamisha mteja kutoka utumwa wa cheki namba hadi utumwa wa gari, na ataita hayo maendeleo. Nne, jua mpaka wako. Mtu asiyelala, asiyekula, au anayezungumza habari za kujidhuru anahitaji mtaalamu wa afya ya akili haraka, na wajibu wako ni kumsindikiza hadi hospitali.

Kwa watumishi wa umma nina swali. Tangu mwaka 2004 mlijaza fomu za MWAMTUKA, na sasa mnajaza katika mfumo wa kielektroniki wa PEPMIS. Mifumo hii inauliza malengo yako ni yapi na umeyatekeleza kwa kiasi gani. Ni maswali halali. Lakini ni la tabaka lipi swali linalouliza kama malengo yenyewe yanamfaa mwananchi aliyepanga foleni dirishani kwako? Chama cha TANU, mwaka mmoja tu baada ya Uhuru, kilikuwa na kijitabu cha Mwalimu Nyerere kilichoitwa Tujisahihishe. Naona uzito katika jina lenyewe. Halikusema "wajisahihishe", na halikuelekezwa kwa vijana peke yao. Taifa changa liliambiwa kwamba hata chama kinachoongoza kina mgongo ambacho chenyewe hakiuoni. Siku hizi wenye madaraka huwataka wananchi wajitambue. Ni nadra kuwasikia wakisema "tujitambue", wao wakiwamo.

Kwa wanaharakati, nanyi lipo lenu. Baadhi yenu hulidharau tabaka la kwanza na la pili mkiyaita mambo ya kujibembeleza, mkakimbilia moja kwa moja kwenye mfumo. Lakini kijana aliyejifungia kwa fedheha hatakuja kwenye mkutano wenu wa hadhara. Atakayedai haki yake ni yule aliyekwisha kuacha kuamini kwamba kukosa kwake ni adhabu aliyostahili. Kumshusha ngazi kwa ngazi, kwa subira, hadi akione kipimo kilichomhukumu, nayo ni kazi ya siasa, ingawa haina bango wala kipaza sauti.

Na kwenu wanafunzi wangu, wa darasani na wa mbali: mkikutana na mtu anayewaambia mjitambue, msimkatalie. Mshukuruni, kisha mumuulize anataka mjitambue kwa kipimo kipi, nani alikitengeneza kipimo hicho, na kama yeye mwenyewe amewahi kupimwa nacho.

Tutafakari pamoja.